Afisa wa Maghala na Magunia Mawili ya Michembe

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa kihenge.

Kakijaza nani?

Mwenye jembe.

Na anayekimaliza?

Mwenye kitambulisho.

Haya, mmeitikia vizuri, hata wewe uliyekaa nyuma unajifanya umelala. Sogeeni.

Hapo kale, kale sana, wanyama walikuwa wanasema, na aliyesema kweli alikuwa anasikilizwa. Basi mnaona wenyewe ni kale kiasi gani.

Katika nchi ya Usukuma, chini ya yale mawe makubwa yaliyopandana kama vyungu vya sokoni, paliishi Nungunungu mmoja mjane. Jina lake Holo. Alikuwa na binti mmoja, Limi. Walikuwa na nyumba moja, jiko la nje lenye mafiga matatu, shamba la viazi vitamu, kipande cha karanga, na kihenge kimoja cha fito cha kuwekea chakula, alichokisuka marehemu baba mtu kwa mikono yake.

Limi alikuwa amesoma. Nasema amesoma, si kupita nje ya shule akasikia kengele. Miaka mitatu katika chuo kikubwa kando ya ziwa, akisomea chakula: kinavyokauka, kinavyooza, kinavyovimba, kinavyoshibisha. Akarudi nyumbani na joho, picha ya joho, na karatasi yenye mhuri. Joho likarudishwa, maana lilikuwa la kuazima. Picha ikatundikwa ukutani. Karatasi ikalala chini ya godoro ndani ya mfuko wa plastiki, isije ikalowa wakati inasubiri.

Ikasubiri mwaka. Ikasubiri wa pili.

Mwaka wa tatu ikatangazwa kazi: Afisa wa Maghala ya Kaya. Sifa: awe amesomea chakula. Limi akaandika barua, akapiga pasi gauni, akaenda kuhojiwa. Mhoji alikuwa Mzee Nyani. Nyani akamwuliza jina lake, akamwuliza baba yake ni nani hasa, akapiga miayo, akasema, "We'll call you."

Hakuitwa. Kazi akapewa Tumbili. Tumbili alikuwa na cheti cha semina ya siku mbili, ya kwanza ya kufika na ya pili ya kuondoka. Lakini pia alikuwa na mama, na huyo mama alikuwa na kaka, na huyo kaka ndiye Nyani. Kwa hiyo sifa alikuwa nazo.

Limi akalia siku moja. Siku ya pili miiba yake yote ikasimama, akashindwa hata kupita mlangoni.

"Laza miiba, mwanangu," mama yake akamwambia. "Viazi havisubiri barua. Na digrii haikatazi mtu kushika kisu."

Ilikuwa mwezi wa sita, viazi vimeshachimbwa. Ninyi mnavijua viazi vitamu: ukiviacha hivihivi, wiki ya tatu unavipata kwa kufuata harufu. Kwa hiyo watu wa huko huvifanyia mambo mawili. Vingine huchemshwa, humenywa, hukatwa vipande, huanikwa juu ya mwamba. Hayo ni matobolwa. Unatafuna hivyohivyo, matamu kama peremende. Vingine humenywa na kukatwa vikiwa vibichi, ndipo huanikwa. Hiyo ni michembe. Michembe haitafunwi. Michembe hupikwa, tena kwa maji mengi, maana inakunywa kama ng'ombe aliyetoka safari, na konzi mbili zinajaza chungu. Matobolwa yana rangi ya asali, michembe ni myeupe kama chokaa. Huko hakuna mtoto asiyejua tofauti.

Basi mama na binti wakakata. Wakaanika. Na Limi alipokuwa anageuza vipande juu ya mwamba, aliimba:

Kata, anika, geuza,
jua halina mjomba.
Kata, anika, geuza,
jua halina mjomba.

Imbeni basi, mbona mmefunga midomo kama mko kwenye kikao?

Wakiwa katika kuimba, Tumbili akaja. Viatu vinang'aa, kalamu mbili mfukoni, kitambulisho kinaning'inia kutoka shingoni mpaka kitovuni.

"Mwangaluka, mwanangu," Holo akamsalimu, akapiga goti kidogo kama desturi.

"Hi," akasema Tumbili. "Mimi ni afisa, ninyi ni wadau. Nimekuja ku-inspect."

Jikoni kulikuwa na chungu cha majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga za kutwanga. Tumbili akakagua chungu. Akakagua sahani ya kwanza. Akakagua ya pili. Ya tatu akaikagua kwa kidole mpaka ikang'aa.

"Mwanangu," Holo akasema kwa upole, "mboga yenye karanga nyingi hivyo huliwa na ugali. Ukiila tupu itakusumbua tumbo."

Tumbili akaweka sahani chini. Akafungua daftari.

"Mama, hapo umenishauri?"

"Nimekuambia tu, baba."

"Mdau hamwelekezi afisa. Kuna section inasema hivyo." Akatoa mfukoni utepe mwekundu, akauzungusha kidoleni. "Unauona huu? Akinielekeza mtu tena, kihenge chenu nakifunga nao. Hamgusi hata punje mpaka appeal isikilizwe. Na appeals zinasikilizwa na mjomba."

Akaandika ripoti, akabeba kikapu cha viazi vibichi akakiita sampuli, akaenda zake.

Limi alikuwa amechungulia kwenye daftari. Miiba ikamsimama.

"Mayu," akamwambia mama yake, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "ameandika kwamba amekula mchicha."

"Laza miiba, mwanangu. Geuza viazi, vinaungua upande mmoja."

Jua likawaka, miezi ikapita. Ukafika mwezi wa kumi. Ardhi imepasuka kama kisigino cha mzee, hakuna jani bichi mpaka upeo wa macho. Huo ndio wakati wa matobolwa. Asubuhi matobolwa na uji, mchana matobolwa na karanga za kukaanga, jioni mtu anatafuna mawili matatu huku anasubiri usingizi.

Tumbili akaja.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Hi. Mimi ni afisa, ninyi ni wadau."

Akatafuna tobolwa moja. Akafumba macho. Akatafuna la pili akiwa bado amefumba. La tatu akalitia mfukoni, mfuko ukafuatwa na mfuko wa pili.

"Haya yanahitaji vipimo," akasema. "Nipeni gunia zima. Yanakwenda maabara."

"Maabara ipi?" Limi akauliza. "Nchi hii ina maabara ya chakula moja tu, iko chuoni, na paa lake limeezuliwa na upepo tangu niko mwaka wa pili."

Tumbili akamtazama kuanzia kucha mpaka ncha ya mwiba.

"Kwani wewe dada ni nani?"

"Limi. Nimesomea chakula."

"Aaa, graduate," akasema Tumbili. Akacheka kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Pole sana. Endelea ku-apply."

Gunia la matobolwa likaondoka. Lilifika maabara kabla halijafika njia panda, maana maabara yenyewe ilikuwa na meno, na kila baada ya hatua tatu ilitafuna tobolwa jingine.

Miiba ya Limi ilisimama siku tatu. Alilala kifudifudi.

"Mayu, kazi ile ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yako."

"Yeye hajui hata kupika maji."

"Hajui. Lakini utepe anao, na sisi kihenge ndicho tulicho nacho. Laza miiba."

Wakabaki na magunia mawili ya michembe na karanga kidogo. Holo akapima kwa macho, kama walivyopima mama zake wote. Chungu kimoja kwa siku. Si viwili. Wakijibana hivyo watafika mwezi wa tatu, kunde zitoe majani na maboga ya kwanza yaanze kuvimba shambani. Wasipojibana, hawafiki.

Ukaingia mwezi wa kwanza. Mvua imenyesha, mbegu ziko ardhini, kijani kimejaa kila mahali na hakuna hata kimoja cha kutia mdomoni. Ndiyo njaa mbaya kuliko zote, njaa ya kutazama shamba zuri. Majirani vihenge vyao vilishakauka, kwa kuwa vilikaguliwa vizuri sana. Kwa Holo chungu kilipanda jikoni mara moja kwa siku: michembe, maji, chumvi, karanga za kutwanga, na jirani mwenye mtoto akapewa kibakuli.

Tumbili akaja. Safari hii alikuja na mkokoteni.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Hi. Mimi ni afisa, ninyi ni wadau. Kesho Mtemi Twiga anatembelea kata yetu kuona hali ya chakula. Mimi ndiye ninayempokea. Nataka vile vitu vitamu vya siku ile."

"Uliviondoa vyote," Limi akasema.

Tumbili akafunua paa la kihenge, akaingiza kichwa. Akatoka anatabasamu.

"Na hivi ni nini?"

"Hiyo ni michembe."

"Same thing. Mmeviboresha tu, vimekuwa vyeupe. Nice. Mtemi atapenda presentation."

Holo akapiga magoti, na safari hii hayakuwa ya salamu.

"Bwana Afisa, hayo magunia mawili, hata hilo lililopungua, ndiyo uhai wetu mpaka mwezi wa tatu. Mtoto wangu huyu na mimi, hatuna kingine. Chukua moja, tuachie moja."

"Mama, don't be emotional. Ni kwa faida ya kata."

Akapakia la kwanza. Akapakia la pili.

Limi akasogea. "Bwana Afisa, hiyo kabla ya kuliwa inatakiwa kwanza i..."

Tumbili akanyanyua kidole. Kwa mkono mwingine akautoa utepe mwekundu.

"Malizia sentensi," akasema. "Malizia, nisikie. Afisa ni mimi au ni wewe?"

Limi akautazama utepe. Akamtazama mama yake aliyepiga magoti kwenye tope. Akaitazama michembe, ambayo aliimenya, akaikata, akaigeuza mmoja mmoja kwa mkono wake.

"Afisa ni wewe," akasema.

"Thank you."

Akafunga mdomo. Tena kwa adabu zote akamsaidia kusukuma mkokoteni mpaka njia panda.

Aliporudi, mama yake alikuwa bado amekaa chini.

"Limi, hukumwambia."

"Nilianza, Mayu."

Holo akamtazama binti yake. Miiba yote ilikuwa imelala, laini, kama imechanwa kwa kitana. Hilo ndilo lililomwogopesha mama mtu kuliko hasira zote za nyuma.

Siku hiyo walikunywa uji wa pumba.

Kesho yake uwanjani pakafungwa turubai. Chini ya turubai viti vya vitambaa, kwa wakubwa. Nje ya turubai jua, kwa wadau. Holo na Limi walikuwa juani na wenzao, wameitwa kupiga makofi. Na juu ya meza, ndani ya mabakuli ya kioo, ilikaa michembe mikavu, mbele yake kijibango: Traditional Sweet Crisps.

Kina mama wakatazamana. Mmoja akafungua mdomo. Tumbili akapita karibu yake na utepe. Yule mama akaufunga.

Wakubwa wakala. Krau, krau, krau. Nyani jino lake la nyuma likavunjika, akalimeza ili asionekane mshamba.

"Inakuwaje?" akamwuliza mpwa wake kwa sauti ya chini.

"Crunchy, Mjomba. Ndiyo fasheni ya sasa."

Nyani akamaliza bakuli. Tumbili akamaliza mawili, maana alisema mwenyeji lazima aonyeshe mfano. Mtemi Twiga akachukua kipande kimoja tu, akameza, na kwa shingo ile kipande kikaanza safari ndefu.

Unga ukawakauka midomoni. Wakaomba maji. Yakaletwa maji. Wakanywa chupa moja. Wakanywa chupa ya pili. Wakanywa ya tatu.

Tumbili akasimama kutoa hotuba.

"Mheshimiwa Mtemi, napenda ku-report kwamba hali ya chakula katika kata..."

Kifungo cha chini kikaruka.

"...katika kata yetu ni nzuri, na wadau wameshiba..."

Cha katikati kikaruka, kikampiga mpiga picha.

"...wameshiba kabisa..."

Cha tatu kikaruka. Tumbo likatoka mbele ya kitambulisho, likakisukuma kikasimama kama bango. Tumbili akakaa. Kiti kikakataa. Akalala chali, miguu juu, viatu vinang'aa.

Kwa Nyani mkanda ulikatika kwa kishindo, ng'ombe wakakimbia malishoni. Wakubwa wengine wakajipanga chini mmoja mmoja kama ngoma zinazosubiri wapigaji.

"Sumu," Nyani akaguna. "Tumelishwa sumu. Vimetoka kwa yule Nungunungu. Binti yake aliikosa kazi. Ana motive."

Ngiri wawili, askari wa Mtemi, wakamshika Limi wakamleta mbele. Na sheria ya huko ilikuwa fupi: mtia sumu hufukuzwa nchini, nyumba yake huchomwa, kihenge chake pia. Holo akajishika kichwa. Hata kina mama waliojua walibana midomo, maana wote walikuwa na vihenge.

"Una la kusema?" Mtemi Twiga akauliza kutoka huko juu.

"Sina la kusema, Mtemi," Limi akasema. Hakushusha sauti. "Naomba mafiga matatu, chungu, maji, na konzi mbili za hiyo inayoitwa sumu."

Akapewa. Akawasha moto. Akatia michembe konzi mbili, ikakaa chini ya chungu, haionekani hata. Akatia maji. Akafunika. Kisha akaanza kuimba, na kina mama mmoja baada ya mwingine wakaitikia kutoka juani:

Kata, anika, geuza,
jua halina mjomba.

Wakaimba mara ya kwanza. Mfuniko ukacheza. Wakaimba mara ya pili. Mfuniko ukainuka. Wakaimba mara ya tatu, mfuniko ukaanguka, na michembe ikachungulia ukingoni mwa chungu, imevimba, imelainika, inatoa mvuke mtamu. Mama mmoja akafungua fundo la kanga yake akatoa karanga zake za mwisho, zikatwangwa, zikatiwa.

Limi akala mbele ya wote. Mama yake akala. Mtemi Twiga akainamisha shingo, ikashuka, ikashuka, mpaka bakulini. Akala.

"Hiki nilipikiwa na bibi yangu," akasema. Akageukia chini. "Bwana Afisa wa Maghala, hiki chakula kinaitwaje?"

"Ma... matobolwa, Mheshimiwa," Tumbili akajibu kutoka chali.

Uwanja mzima wa kina mama ukacheka kwa pamoja. Kilikuwa kicheko cha vihenge vitupu, kikavu, na hakikukoma upesi.

"Binti," Mtemi akasema, "ulijua kwamba itawavimbia tumboni?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilianza kusema, akanionyesha utepe. Akaniuliza afisa ni nani. Nikamjibu kwa usahihi."

"Wewe umesomea nini?"

"Chakula, Mtemi. Miaka mitatu."

"Na huyu?"

"Huyu ana mjomba."

Mtemi akataka kusema neno, lakini hapo ndipo kile kipande chake kimoja kilipofika tumboni, akashika kiuno. Kikamsaidia kuamua. Akaamuru magunia ya Holo yarudishwe yakiwa yamejazwa tena, na kila jirani arudishiwe sampuli yake kutoka stoo ya Nyani, ambayo ilikutwa imejaa kuliko vihenge vyote vya kata vikiwekwa pamoja. Akaamuru utepe mwekundu uchomwe palepale kwenye mafiga. Ukanuka plastiki.

"Na hiyo kazi ni yako," akamwambia Limi. "Kesho lete barua ya maombi, wasifu, picha mbili, wadhamini watatu, na uthibitisho wa uzoefu wa miaka mitano."

Limi akamtazama Mtemi. Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa tayari ameshika mkokoteni.

"Nitaleta, Mtemi," akasema. "Ila leo nina magunia mawili ya kurudisha kwenye kihenge, na mvua ile kule inakuja."

Akashika upande wa pili wa mkokoteni. Wakaondoka.

Wapo wanaosema barua aliipeleka. Wanasema bado inashughulikiwa. Mimi ninachojua ni kwamba nyumba ile chungu kilipanda kila siku, michembe na karanga, mpaka mwezi wa tatu kunde zikatoa majani na maboga yakawiva. Na kwamba tangu hapo kina mama wa kata ile, kabla ya kufunga vihenge vyao, humwita Limi kwanza aje atazame. Haji na kitambulisho. Huja na kisu.

Na Tumbili? Mnadhani alifukuzwa? Ninyi mmezaliwa lini? Alihamishiwa Idara ya Maji.

Ila funzo moja liliingia. Mtazameni mpaka leo: tumbili akiiba chakula hakimezi. Hukibana shavuni, mashavu yakajaa kama ana jipu, akakaa mtini anasikilizia kama kitavimba au hakitavimba. Ni utafiti huo. Ndio pekee aliowahi kufanya.

Na ninyi, shikeni hili. Mjomba anaweza kukupa kiti, kalamu mbili na utepe, lakini hawezi kukupa alichokijua aliyekaa jikoni. Na ukimnyamazisha anayejua, atanyamaza. Maji utakayokunywa baadaye ni yako mwenyewe.

Nimeepua, nimepakua, nimefunika. Aliyeshiba na atoe kiti, mwenye njaa apite mbele.

Nani apite?

Mwenye njaa.

Hapo sawa.